Kuifuata Mito ya Nairobi kwa Siku Moja

Mgeni wangu mmoja kutoka Lamu aliwahi kuniuliza, tukiwa tumesimama karibu na mzunguko wa barabara wa Globe, ule mto unaotajwa kila mara katika habari za Nairobi uko wapi. Ulikuwa hatua chache tu chini ya miguu yetu, umefichwa na kuta, vibanda na kelele za magari. Tangu siku hiyo nimeacha desturi ya kuwatembeza wageni kutoka jengo moja hadi jingine, na badala yake huwapitisha mahali ambapo maji yanapita, kuanzia msituni asubuhi hadi sokoni alasiri. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kufanya vivyo hivyo, awe mgeni au mkazi aliyeishi hapa miaka ishirini bila kutazama chini ya daraja.

Nairobi ni mji wa mito tangu jina lake. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na reli iliyotoka Mombasa ilipofika hapa mwezi wa Mei 1899, wajenzi walipiga kambi kando ya kinamasi kwa sababu palikuwa na maji ya kutosha na uwanda ulio sawa, kabla ya kazi ngumu ya kupanda miinuko na kisha kuteremka Bonde la Ufa. Kambi ile ikawa mji, na mwaka wa 1905 makao makuu ya utawala wa Waingereza yakahamishiwa hapa kutoka Mombasa. Mito mikubwa ni mitatu, nayo ni Nairobi, Mathare na Ngong, pamoja na vijito vingi vinavyoilisha, na yote huteremka kutoka nyanda za juu za magharibi kuelekea mashariki. Mto Nairobi wenyewe huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hupita katikati ya jiji, hujiunga na Mto Athi, na maji hayo huendelea kwa jina la Galana na hatimaye Sabaki hadi yanapoingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Mgeni wangu wa Lamu alinyamaza kwa muda nilipomweleza jambo hilo, kwa sababu alikuwa ameyaona maji yale mekundu ya Sabaki mara nyingi bila kujua kwamba sehemu yake imepita kando ya soko la Gikomba.

Kuchagua siku na kujiandaa

Ingawa tuko digrii moja na ushei tu kusini mwa ikweta, jiji limeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu anayetoka Pwani asidanganywe na ramani. Mwezi wa Julai asubuhi huwa na ukungu na baridi inayohitaji sweta nzito. Miezi mizuri zaidi kwa safari hii ni Januari na Februari, ambapo njia za msituni ni kavu na anga ni safi. Oktoba pia hupendeza kwa sababu mijakaranda huchanua na kutandaza maua ya zambarau barabarani, ila mvua za vuli huwa zinakaribia.

Nakushauri kwa moyo wote uepuke kipindi cha masika, hasa mwezi wa Aprili. Mwaka mmoja nilimpeleka shangazi yangu kwenye maporomoko ya Msitu wa Karura siku mbili baada ya mvua kubwa, na kwenye mteremko wa mwisho aliteleza akaumia kifundo cha mguu, tukalazimika kumshika mkono huku na huku hadi langoni. Hilo ni dogo likilinganishwa na yale yaliyotokea mwaka wa 2024, wakati mafuriko ya masika yalipowaua watu na kubomoa makazi kando ya mito, hasa Mathare. Ukiona maji yamepanda rangi ya chai ya maziwa na yanavuma, usisogelee ukingo wala usivuke daraja la miti.

Siku inayofaa ni Jumamosi. Jumapili msitu hujaa familia, na siku za kazi foleni ya magari itakula saa mbili za matembezi yako. Vaa viatu vilivyofungwa, vyenye soli isiyoteleza. Beba chupa ya maji ya chuma au ya kujazwa tena, kwa kuwa tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya, na walinzi hukagua mikoba langoni. Weka fedha za kutosha katika M-Pesa, kwani viingilio hulipwa kwa simu, lakini uwe pia na noti ndogo ndogo za nauli ya matatu na za chakula kibandani. Kitambulisho ni muhimu sana, maana raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje na karani atataka kukiona.

Asubuhi: Msitu wa Karura

Panda matatu za Limuru Road, zile zinazokwenda Ruaka na Banana, na umwambie kondakta mapema kwamba unashukia kwenye lango la Karura. Milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na ukifika saa moja utaupata msitu katika saa yake bora kabisa, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde na kwarara wakipita juu kwa ule mlio wao mkali ambao kila mtoto wa Nairobi anaujua kabla ya kujua jina la ndege mwenyewe. Makutano ya njia yamewekewa vibao vyenye namba, na ramani hupatikana langoni. Piga picha ya ramani hiyo kwa simu, kisha ufuate vibao vya maporomoko na mapango. Watu wengi hukosea kwa kukodi baiskeli mara moja na kuuzunguka msitu mzima kwa kasi. Wanarudi wakiwa wamechoka na hawakusikia maji hata mara moja.

Kwa anayetembea pole pole, kwenda na kurudi ni shughuli ya saa mbili na nusu hivi. Kando ya njia utaona mimea ya aina mbili inayosimulia historia ya mahali hapa, yaani mikaratusi mirefu iliyopandwa kwa ajili ya kuni na mbao, na miti ya asili kama vile muhugu na mikuyu, ambayo inarudishwa taratibu. Ukitulia utawaona kima wakiruka matawini, na pengine mbega weusi wenye manyoya marefu meupe waliorudishwa humu katika miaka ya 2010. Usiwape chakula hata kidogo. Kima aliyezoea mkate wa mgeni leo atampokonya mtoto chakula kesho.

Utayasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Mto Karura huanguka kutoka kwenye ukingo wa mwamba mweusi hadi katika kidimbwi chenye kivuli, na baridi ya mvuke wake hukugusa usoni ukiwa bado kwenye ngazi. Mahali hapa nakusihi ukae angalau nusu saa. Tazama rangi ya maji, sikiliza mlio wake, vuta pumzi uione harufu yake, maana hicho ndicho kipimo utakachokihitaji mchana. Usioge wala usinywe maji hayo, kwani mto huu umekwisha kupita kwenye mitaa ya watu kabla ya kufika hapa, na mashariki ya jiji maji yake nayo huishia katika Mto Nairobi. Umbali mfupi kutoka hapo yako mapango ambayo husimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo katika miaka ya 1950. Ni mapango madogo, yenye giza, na inafaa kuingia kwa heshima na kwa sauti ya chini.

Kabla hujatoka, fahamu kwamba msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000, uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka wa 1932, ulikaribia kutoweka. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi kwa siri ili kujengwa majumba, na Wangari Maathai pamoja na wenzake wakaamua kupinga kwa kupanda miti. Tarehe 8 Januari 1999 alishambuliwa hapa Karura na kujeruhiwa kichwani alipokuwa akijaribu kupanda mche. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mimi siwezi kuyatazama maporomoko yale bila kulikumbuka jeraha hilo, na humweleza kila mgeni habari hii tukiwa palepale penye maji, kwa sababu akisimuliwa ndani ya gari hatauelewa uzito wake.

Kama unatembea na mzee au watoto wadogo, badilisha Karura na bustani ya miti ya Arboretum iliyoko karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu ni miti gani ya kigeni itakayokua haraka na kutoa kuni za kuendeshea magari moshi, ina ukubwa wa hekta 30 hivi, na kijito cha Kirichwa hupita humo. Njia zake ni fupi na viti vipo.

Kutoka Karura hadi Makumbusho

Ondoka msituni saa nne na nusu na upande matatu inayorudi mjini kwa Limuru Road. Upande wa Parklands utapita City Park, alikozikwa mpigania uhuru Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi mwaka wa 1965, na rafiki yake Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa Kenya. Mwenye mapenzi na historia ya uhuru ashuke kwa robo saa tu. Wengine waendelee hadi Ngara, kisha watembee au wachukue boda boda hadi kilima cha Makumbusho ya Taifa.

Jengo hili lilifunguliwa mwaka wa 1930, na vilivyomo vinaweza kukumaliza siku nzima, kwa hiyo chagua. Mimi huwapeleka wageni moja kwa moja kwa kijana wa Turkana, yule ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984 kwenye ukingo wa mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Alifariki miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita, na matope ya kinamasi ndiyo yaliyomhifadhi. Simama mbele yake kimya. Baada yake, pita uani uione sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu na ambaye alikufa kwa uzee mwaka wa 1974. Hifadhi ya nyoka iliyo jirani, iliyofunguliwa mwaka wa 1961, huwafurahisha watoto kuliko kitu kingine chochote.

Bustani ya makumbusho huteremka upande wa mto. Nenda ukautazame hapo, ukiwa na kumbukumbu ya Karura bado moyoni. Huu sasa ndio Mto Nairobi wenyewe, ukiwa umetoka Ondiri na kupita chini ya mitaa ya magharibi. Maji bado yanakwenda kwa kasi na miti ipo, ila rangi imekwisha kuwa ya kijivu na mifuko imenasa kwenye mizizi.

Chakula cha mchana

Kula Ngara. Vibanda ni vingi, na kanuni yangu ni kukaa pale wanapokaa madereva na mafundi, kwa sababu hao hula kila siku na hawavumilii chakula kilicholala. Agiza chapati na ndengu, au ugali kwa sukuma wiki na matumbo, na chai baadaye. Nawa mikono kwa maji yanayotiririka, lipa kabla ya kuondoka, na umshukuru mama aliyepika.

Alasiri: Michuki Park, Kirinyaga Road na Gikomba

Kutoka Ngara teremka kwa miguu hadi Michuki Park, kipande chembamba cha bustani kilichofuata mto kati ya kilima cha makumbusho na mzunguko wa Globe. Mwaka wa 2008 mahali hapa palikuwa jalala na gereji, wakati John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, alipoagiza pasafishwe. Wakenya wengi humkumbuka kwa sheria za matatu za mwaka wa 2004, zile za mikanda na vidhibiti mwendo, lakini mimi naona kazi hii ya mtoni ndiyo inayostahili kusemwa zaidi, kwa sababu ilionyesha kwamba ukingo wa Mto Nairobi unaweza kurudi kuwa mahali pa kukaa. Bustani ilipewa jina lake baada ya kifo chake mwaka wa 2012. Utakuta wanafunzi wakisoma chini ya miti, wapiga picha wakiwangojea wateja, na mabenchi yanayotazama maji. Kaa kwenye benchi moja. Harufu itakufikia upepo ukigeuka, nayo ni sehemu ya ukweli wa ziara hii.

Tokea Globe ushike Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan. Mto unakwenda sambamba nawe upande wa kushoto, nyuma ya maduka ya vipuri na mafundi wanaofungua injini kando ya barabara, na kila uchochoro unaokatiza hukuonyesha kipande chake. Hapa weka simu mfukoni, mkoba mbele ya kifua, na usimame kando unapotaka kuangalia ramani. Ukitaka kumpiga mtu picha, msalimie kwanza na umwombe. Fundi aliyesalimiwa kwa "habari ya kazi" mara nyingi atakueleza mambo ya mto ambayo hakuna kibao kitakachokueleza, kama vile maji yalifika wapi masika iliyopita na samaki walionekana mwisho lini.

Vuka Racecourse Road uingie Gikomba. Hili ndilo soko kubwa la mitumba nchini, na liko ukingoni kabisa mwa mto. Ni mahali pa kustaajabisha kwa wingi wa bidhaa, kwa ustadi wa wachuuzi wanaofungua marobota kwa sauti ya mnada, na kwa namna wanavyoendelea kusimama tena baada ya mioto iliyoliteketeza soko mara nyingi. Ukiwa na rafiki anayelijua soko, nenda naye, na uwe umetoka kabla ya saa kumi na moja. Jirani yako ni Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hufua majiko, sufuria na masanduku ya bati kwa nyundo tangu asubuhi hadi jioni. Ukinunua jiko hapo umelinunua kwa aliyelitengeneza, na bei hupatanwa kwa ucheshi. Ng'ambo ya hapo ni Pumwani na Majengo, mitaa iliyoanza katika miaka ya 1920, ambayo mpaka leo ina familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani kama lugha ya mama, na mtu wa Pwani akiingia huko kwa salamu nzuri hujisikia kwao.

Sasa tafuta daraja lolote la hapo na usimame katikati yake. Maji ni meusi. Yamepokea majitaka ya mitaa isiyokuwa na mabomba, taka za gereji na za soko, na mabaki ya kila kitu ambacho mvua imekifagia kutoka barabarani. Usiharakishe kuondoka. Hawa wanaoishi na kufanya kazi ukingoni hawakuuchafua mto peke yao, na kumtazama mwenye kibanda cha mbao kana kwamba ndiye mkosaji ni kumwonea, maana uchafu mwingi ulitokea juu, kwenye majengo ambayo mabomba yake hayaonekani. Mwaka wa 2025 Serikali ilizindua mradi mkubwa wa kuufufua mto, kwa hiyo huenda katika baadhi ya sehemu ukakuta matingatinga, vijana wakizoa taka, au kingo zilizoondolewa vibanda. Waulize vijana hao wametoa nini majini wiki hii, na uwasikilize hadi wamalize.

Jioni: juu ya KICC

Rudi katikati ya mji ifikapo saa kumi na moja. Jumba la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka wa 1973, lina orofa 28 na kimo cha mita 105, na wageni huruhusiwa kupanda hadi paani kwa malipo. Ulizia langoni saa ya mwisho ya kupanda, kwani hubadilika kukiwa na mikutano mikubwa. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia upesi.

Wengi hukimbilia upande wa kusini kutazama mbuga ya wanyama, na ikiwa anga ni safi hutafuta Kilimanjaro. Nakuomba uanze na upande wa kaskazini. Baada ya paa za Tom Mboya na River Road utaona ardhi ikizama kidogo kabla ya kuinuka tena Ngara. Mzamo ule ndio bonde la mto. Anzia kushoto, kwenye miti ya kilima cha makumbusho, ufuate mstari huo kwa kidole kuelekea kulia, kupitia Globe, Kirinyaga Road, mabati ya Gikomba, hadi unapopotea katika ukungu wa mashariki, njia ya kwenda Athi na hatimaye Sabaki. Mgeni wangu wa Lamu aliufuata mstari huo mara tatu, kisha akaomba tushuke tukiwa bado na mwanga.

Ukishuka, usitembee peke yako kuelekea mtoni usiku. Matatu nyingi za mitaani hupakia kati ya Tom Mboya na River Road, na saa moja usiku foleni za abiria huwa ndefu. Anayepanda treni ya usiku ya kwenda Mombasa aondoke katikati ya mji mapema sana kuelekea Syokimau, kwa sababu Mombasa Road jioni ya Jumamosi haimngojei mtu, na viatu vyenye matope ya Karura avifunge kwenye mfuko wa kitambaa kabla ya ukaguzi wa mizigo.